Picha Yake Kwenye Ukuta wa Marehemu

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Joanitha Kokubanza alimkimbia mumewe, Privatus Rutaihwa, kule Muleba, baada ya kipigo kilichomvunja mbavu. Akaenda kujificha Geita, kwa zaidi ya miaka miwili akawa anaosha vyombo kwenye mgahawa wa wachimbaji. Alibadili laini ya simu, akakata mawasiliano na kila mtu wa nyumbani, hata mama yake mzazi, kwa kuogopa mume asije akamfuata. Mgahawa ulipoungua, akarudi Bukoba kimyakimya na begi moja.

Huko, mtaa wa Miembeni, alipokewa na mwanamke mwenye duka la vitenge, Hafidha, aliyempa chumba cha uani na cherehani barazani. Tulimwacha hapo, akidhani mikosi imemchoka.

Alidhani vibaya.

Anasimulia mwenyewe kwamba kilichomponza ni furaha. Kama angeendelea kuinamia cherehani yake na kupita mjini kichwa chini, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi, pengine asingeonekana na mtu. Lakini aliishi nyumba moja na Hafidha, na Hafidha hakuwa mtu wa kukaa ndani.

Hafidha alikuwa na ugonjwa wa maonyesho. Akisikia redioni kwamba kuna ngoma ukumbini, anafunga duka. Akiona bango limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, anasimama kulisoma hata kama mvua inanyesha. Simu yake ilijaa makundi ya WhatsApp ya wachoraji, wachongaji, waimbaji, hadi wasuka mikeka.

"Utaikumbatia cherehani mpaka lini?" alimwuliza Joanitha Jumamosi moja.

"Mimi na maonyesho wapi na wapi, dada Hafidha?"

"Hapo chini tu, kwa miguu. Vaa viatu."

Ndivyo ilivyoanza. Kwanza walikwenda kuona picha za wanafunzi, zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba ndani ya ukumbi wa kanisa. Joanitha alisimama mbele ya picha ya watu wanaogombania senene chini ya taa, akacheka peke yake. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Baadaye wakaenda kwenye maonyesho ya vitu vya kale vya Wahaya. Kulikuwa na ngoma, mikuki, vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, na nguo za magome ya miti zilizotandazwa mezani. Joanitha akaigusa moja. Ilikuwa laini kuliko alivyotegemea. Akaiinua, akataka kujitupia begani.

"Usijifunike hiyo, mwanangu," mama mzee aliyekuwa akilinda meza alimwambia kwa Kihaya. "Wazee wetu walizikwa nazo."

Joanitha akairudisha haraka. Hafidha, ambaye Kihaya chake kilikuwa cha kununulia ndizi tu, akauliza amesema nini.

"Anasema ni ya zamani."

Kisha ikaja jioni ya enanga. Mzee Rugemalira alikaa kwenye kiti kifupi, ala yake ya nyuzi ameilaza mapajani, akawaimba mashujaa wa zamani mmoja mmoja huku watu wakimwitikia. Hafidha hakuelewa neno, lakini alipiga makofi kuliko wote. Joanitha alielewa kila neno. Baba yake alikuwa akiziimba nyimbo hizo akipalilia migomba.

Siku hiyo alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya machungwa, mikono ya marinda. Aliishona wiki hiyohiyo kwa kipande cha kitenge alichopewa na Hafidha.

"Geuka huku," Hafidha akasema, simu mkononi.

"Usinipige picha, dada."

"Naipiga blauzi, wewe umo tu ndani yake. Wateja waione."

Joanitha akageuka, akacheka. Picha ikapigwa, ikapandishwa status papo hapo: *Fundi wangu huyu. Karibuni dukani.*

Wakati wa kutoka, mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yao akamkazia macho. Joanitha alimtambua. Alikuwa wa kwao Muleba, zamani waliimba pamoja kwaya ya parokia. Hakutaka kutambuliwa, lakini wamekwisha kutazamana, atafanyaje? Akamsalimu kwa Kihaya.

"Milembe, mama."

Yule mama hakuitikia. Alifanya ishara ya msalaba, akarudi kinyumenyume, akagonga kiti, akatoka nje karibu mbio na mwavuli wake akausahau.

"Mna ugomvi?" Hafidha akauliza.

"Hatuna."

"Mbona kakukimbia kama kaona jini?"

Joanitha akauinua ule mwavuli, akauegemeza kitini. Alijiambia kwamba huko nyumbani wamemsema sana, mwanamke aliyemwacha mume wa ndoa ya kanisani, na wengine hawataki hata salamu yake. Alilala nalo. Asubuhi akaamka, akashona.

Masika yalipopungua, Hafidha akaja mbio kutoka stendi na karatasi mkononi.

"Kuna mchoraji anaitwa Mujuni. Amechora nyuso za watu wa huku huku. Wanasema ukitazama unataka kuwasalimia. Kesho ndiyo mwisho, leo lazima twende."

Walikwenda mchana, jua likiwa bado kali. Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, madirisha wazi, watu wachache. Upande wa kulia walikuwa watu walio hai: muuza ndizi na mkungu wake, fundi baiskeli, padri mzee anayecheka bila meno. Chini ya kila picha kulikuwa na jina. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamekuja, wamesimama kando ya sura zao wakipigwa picha.

Upande wa kushoto ukuta ulifunikwa kitambaa cheusi. Juu yake paliandikwa *Waliotutangulia*. Hizo zilikuwa picha za marehemu, zilizoagizwa na familia zao kwa ajili ya misa na ibada za kumbukumbu.

Hafidha alitangulia upande ule. Akapita picha ya kwanza, ya pili. Halafu akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Joanitha, tutoke."

"Hatujamaliza bado."

"Nimesema tutoke!"

Hafidha hakuwa mtu wa kuondoka kwenye maonyesho. Joanitha akampita.

Akajiona.

Alikuwa yeye, kuanzia paji la uso hadi lile doa dogo chini ya jicho. Alikuwa akicheka. Shingoni mwake mchoraji alikuwa amemwekea rozari, na nyuma ya kichwa mwanga hafifu, kama wanavyochorwa watu waliokwisha kufika. Chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi: *Marehemu Joanitha Kokubanza, mke wa Privatus. Muleba.*

Anasema hakupiga kelele. Alishika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaubana, akaona unauma.

"Pole sana kwa msiba," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa kijana mrefu mwenye rangi kwenye kucha. Mujuni mwenyewe.

"Wewe ni pacha wake?" akauliza.

"Pacha wa nani?"

"Wa marehemu."

"Marehemu ni mimi," Joanitha akasema.

Mujuni akatabasamu, akidhani ni uchungu unaosema. Halafu akamtazama vizuri. Wachoraji wana macho yao. Aliuangalia uso ule aliouchora kwa siku nyingi, akaangalia doa chini ya jicho, akaangalia ukuta, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Mungu wangu."

"Nani kakuletea picha yangu?"

"Mume," Mujuni akasema. "Alikaa hapa, kwenye kiti hiki, akalia. Alisema mkewe alikufa ziwani, na hii ndiyo picha yake ya mwisho. Ni mtu mpole. Hata jina lake sikumwuliza mara mbili."

"Ana vidole vyote?"

Mujuni akafikiri. "Cha shahada hakipo, mkono wa kulia. Alisema kilikwenda na mashine ya kukoboa kahawa."

Ni yeye. Joanitha alikuwepo siku kidole kile kilipokatika. Ndiye aliyekifunga kidonda kwa kanga yake.

"Alitaka nini na picha hii?"

"Ya kumbukumbu. Lakini alisisitiza sana kwamba kwanza itundikwe hapa, maonyesho yote, tangu siku ya kwanza. Alisema mkewe alipenda mambo haya. Kesho tukifunga, baada ya misa, atakuja mwenyewe kuichukua."

Hafidha alikuwa bado anaitazama picha. Alikuwa amefunika mdomo.

"Blauzi," akasema.

Joanitha akageuka kutazama tena. Rangi ya machungwa, mikono ya marinda. Alikuwa ameiona tangu mwanzo bila kuiona.

Anayedai mkewe alikufa ziwani alileta picha ya mwanamke aliyevaa blauzi iliyoshonwa juzijuzi, barazani Miembeni. Hakukosea mtu. Alijua kwamba yuko hai, na alijua yuko wapi.

Na picha hiyo ilipigwa na mtu mmoja tu.

"Umempa nani?" Joanitha akamwuliza Hafidha.

"Nimpe nani? Niliweka status!"

"Nilikukataza."

"Joanitha, wateja wangu wote wanaona status. Nina wateja Kanazi, Kamachumu, Muleba, Biharamulo. Mtu yeyote anaweza kuichukua."

"Muleba una wateja gani?"

"Wanawake! Wanawake wanaonunua vitenge! Sijui mmoja ana mume gani, mwingine ana shemeji gani. Unaniangalia hivyo mimi?"

Joanitha alikuwa akimwangalia hivyo kweli. Anakiri. Mwanamke aliyempa chumba, aliyemlisha, siku ile alimwona kama mlango ambao mwizi amepitia.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, Hafidha alimshika bega. "Twende polisi sasa hivi."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimekufa?"

"Uwaambie kuna mtu anakuzushia kifo."

"Sijui kama ni uzushi tu. Yule mama wa kwenye enanga alinikimbia. Watu wa Muleba wanaamini. Mama yangu anaamini, Hafidha. Mama yangu ananililia huko."

"Jumatatu tutakwenda Muleba wote. Nitamchukua na binamu yangu mwenye gari. Peke yako usiende."

"Sawa," Joanitha akasema.

Hakuwa amesema kweli.

Usiku ule hakulala. Alipiga hesabu ya kichwa chake mwenyewe, akaiona ni nzuri. Kesho ni Jumapili. Privatus atakuwa kanisani, kisha atapanda gari kuja Bukoba kuchukua picha. Njia itakuwa wazi. Ataingia kwa mama yake, atamshika mikono, atamwambia mama niko hai, na kabla jua halijazama atakuwa amerudi. Kumuaga Hafidha hakumuaga. Moyo wake ulikuwa bado haujamsafisha.

Asubuhi alivaa dera na mtandio mkubwa aliouchukua kwenye kamba ya Hafidha, akajifunga mpaka yakabaki macho. Alipofika Muleba watu wengi walikuwa bado makanisani, na hakuna aliyemgeukia. Akachukua bodaboda ya mwanaume mmoja wa makamo asiyemjua.

"Nipeleke kwa Ma Alistidia, karibu na kisima."

Ma Alistidia ni mama yake.

Mwanaume akazima pikipiki aliyokuwa amekwisha kuiwasha. "Pale hapana mtu siku hizi. Bibi anaumwa miguu. Amehamishiwa kwa mkwe wake, kwa Rutaihwa. Binti yake anamtunza hukohuko."

Binti aliyebaki ni mmoja tu, Annastella, mdogo wake, ambaye Joanitha alimbeba mgongoni utotoni.

"Rutaihwa mwenyewe yupo?"

"Nimemwona alfajiri amevaa suti. Alisema anakwenda Bukoba. Nikupeleke?"

Hapo ndipo angegeuka. Ameniambia hivyo mara nyingi, kwamba hapo, pembeni ya barabara ya lami, ndipo miguu yake ilipomwambia arudi. Lakini mama yake alikuwa ndani ya nyumba ile.

"Nipeleke. Uniache njia panda, nitatembea."

Alipita katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Ilikuwa imestawi. Kahawa ilikuwa imeiva, matunda mekundu, hakuna aliyechuma. Kimya kilikuwa kikubwa hata akasikia majani makavu yakivunjika chini ya ndala zake, akaanza kukanyaga kwa ncha za vidole kwenye kibanja kilichokuwa chake.

Nyuma ya jiko, mahali alipokuwa akianika vyombo, kulikuwa na kaburi.

Lilikuwa limejengwa vizuri, kwa vigae vyeupe. Pembeni pamefagiliwa, na ndani ya kopo la maziwa kulikuwa na maua mabichi. Kwenye msalaba paliandikwa jina lake lote, na chini yake: *Mke mpendwa. Raha ya milele umpe ee Bwana.*

Akakaa palepale, juu ya vigae vyake.

Na alipokaa, wazo jingine likaja, baya kuliko la kwanza. Kaburi halijengwi hivi juu ya shimo tupu. Watu waliimba hapa, padri alinyunyiza maji hapa, wanaume walibeba kitu kizito wakakishusha kwa kamba. Chini yake kulikuwa na mtu. Mwanamke wa watu, ambaye pengine mama yake hadi leo anapiga simu isiyopokelewa.

Alijikuta amesimama.

"Nani hapo?"

Annastella alikuwa kwenye mlango wa jiko, ameshika ungo. Tumbo lake lilikuwa kubwa, la miezi ya mwisho. Kwenye kidole chake kulikuwa na pete ya ndoa.

Joanitha akavuta mtandio chini.

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika uani. Annastella hakukimbia, wala hakufanya ishara ya msalaba. Alisimama, machozi yakaanza kumtiririka bila sauti, kama maji ya paa.

"Dada Joa."

"Ni mimi. Nishike. Mimi si mzimu, nishike."

Annastella akamshika. Akampapasa mabega, mashavu, nywele. Wakakumbatiana, lile tumbo likiwa katikati yao, na Joanitha akahisi mtoto akipiga teke.

"Mtoto wa nani, Anna?"

Annastella akatazama chini.

"Pete ya nani?"

"Walisema umekufa." Sauti ilimkatika. "Mwili uliopolewa ziwani, upande wa Kemondo. Privatus akaenda kuutambua. Alisema ni wewe, kwa kitenge. Sanduku halikufunguliwa, walisema umeharibika. Mama alilia mpaka akapoteza sauti. Yeye akawa anakuja kututazama. Analeta sukari, anamlipia mama dawa. Baada ya mwaka mmoja akasema nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke, na mjane wa kiume anaruhusiwa kanisani. Wazee wakasema ni vizuri, undugu wa nyumba mbili hautakatika. Tulifunga ndoa, dada. Kwa padri. Kwa vigelegele."

Sasa Joanitha akaelewa. Mkatoliki hawezi kuoa tena kanisani mke wake akiwa hai. Privatus hakuhitaji mke arudi. Alihitaji mke afe, na ziwa likamletea mwili wa kumtosha.

Au hivyo ndivyo alivyopenda kuamini wakati ule, kwamba ni ziwa lililouleta.

"Ulijua lini kwamba niko hai?"

"Nilikuona kwenye simu. Nanunua vitenge kwa mama mmoja wa Miembeni. Nilifungua tu, nikakuona unacheka." Annastella akafuta pua kwa kanga. "Nilipiga kelele. Nikamwonyesha Privatus. Nilidhani atafurahi."

"Akasemaje?"

"Akachukua simu, akaitazama mpaka giza likaingia. Hajanirudishia mpaka leo."

Upepo ulipita kwenye migomba, majani yakagongana. Annastella alikuwa amemshika dada yake mkono, na mkono ule ulikuwa baridi.

"Dada, naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

"Kama wewe uko hai, mimi ni nani?"

Annastella akaweka mkono wa pili juu ya tumbo lake.

"Huyu aliyemo tumboni ni nani? Ataitwa mtoto wa nani? Nitarudi wapi, kwenye nyumba ya mama yenye paa linalovuja, na watu wananionyesha kidole, huyu ndiye aliyelala kwenye kitanda cha dada yake?"

"Hukujua, Anna. Hakuna atakayekulaumu."

"Wewe hukai huku siku hizi," Annastella akasema polepole. "Umesahau watu."

Joanitha alimkumbatia tena, akamwambia kwamba wataondoka wote watatu, yeye, Annastella na mama, leo hii hii. Miembeni kuna chumba. Hafidha ni mtu mwema, alisema, na aliposema akajua ni kweli, akaona aibu.

"Mama yuko wapi?"

"Chumba cha ndani. Amelala." Annastella alijifuta uso. "Ingia taratibu, umwamshe mwenyewe. Ukiniona mimi natangulia kulia atashtuka. Moyo wake hauna nguvu."

"Privatus atarudi saa ngapi?"

"Amekwenda Bukoba. Kwenye maonyesho."

Joanitha alivua ndala mlangoni, kama zamani. Sebule ilikuwa ileile, viti vilevile, vitambaa alivyofuma yeye. Ukutani palikuwa na picha ya harusi, akaipita bila kuitazama. Alisukuma mlango wa chumba cha ndani.

"Maawe," akamwita mama yake kwa sauti ndogo. "Maawe, ni mimi."

Chumba kilikuwa na giza, na dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao kwa ndani. Mbao zilikuwa mpya, alisikia harufu ya ubichi wake. Macho yalipozoea, aliona magunia ya kahawa yamepangwa ukutani, na kitanda.

Kitanda hakikuwa na godoro. Hakikuwa na mtu.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Akasikia ufunguo ukizunguka.

"Anna?"

Upande wa pili mtu alikuwa anavuta pumzi kwa shida, pumzi ya mtu anayelia.

"Anna, fungua. Anna, mama yuko wapi?"

Ndipo kwenye chumba cha pili, kile chumba ambacho zamani kilikuwa chake na mumewe, kitanda kikatoa mlio. Mtu alikuwa amekikalia muda wote huo, na sasa alikuwa anasimama. Viatu vya ngozi vikatembea juu ya sakafu ya saruji, bila haraka, vikasimama mbele ya mlango.

"Amekuja," Annastella akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Kama ulivyosema, akiiona ile picha atakuja."

"Peke yake?" Privatus akauliza.

"Peke yake."